Ukienda kwa wenye chongo: unafumba jicho tu, au mwisho unakuwa chongo kweli?

#1 Dira_ya_Usiku

Habari wakuu.

Methali inasema ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Haikusema litoboe. Naona wahenga walichagua kitenzi kwa makini kuliko vitabu vingi vya mwanzo vya sosholojia. Vitabu hivyo vinapanga ujamiishaji (mtu kufundwa mwenendo wa jamii yake), kaida (kanuni za kundi zisizoandikwa), hadhi, dhima, thawabu na adhabu, kisha vinafunga hoja kwa sentensi moja: jamii humfinyanga mtu.

"Humfinyanga" hapo imebeba mizigo mitatu. Kwanza, mtu anafuata wenzake wakiwepo, wakiondoka anarudi alivyokuwa. Pili, amebadilika hasa, hata akiwa peke yake anafanya vile vile. Tatu, hakubadilishwa na yeyote: alikuwa hivyo tangu awali, ndiyo maana akajiunga na watu wa namna yake. Ukitazama kutoka nje, wote watatu wanafanana.

Swali: tunawatenganishaje? Naomba vipimo na jinsi vilivyofanyika. Misimamo tunayo ya kutosha.

#2 Msumari_wa_Moto

Mkuu, umeanzia kwa mtu, na hapo ndipo ulipopotea njia. Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim mwaka 1895 alianzia upande wa pili. Kwake jambo la kijamii ni namna ya kutenda, kufikiri au kuhisi iliyo nje ya mtu mmoja mmoja na yenye nguvu ya kumshurutisha. Kipimo chake hakihitaji kuingia moyoni mwa mtu: livunje uone. Chukua lugha. Hukuitunga, uliikuta. Ukiamua leo kubadili maana za maneno peke yako, hakuna askari atakayekuja, ila hutaeleweka na mtu. Shuruti ipo na hakuna wa kumlaumu.

Mwaka 1897 akaenda kwenye kujiua, jambo ambalo wengi waliliona ni la siri ya mtu binafsi. Akaonyesha kuwa kiwango chake ndani ya jamii moja hubadilika kidogo tu mwaka hadi mwaka, lakini jamii na jamii zinapishana sana: Waprotestanti juu ya Wakatoliki, wasio na ndoa juu ya walio nayo. Waliokufa mwaka huu si wale wa mwaka jana, na kiwango bado kipo palepale. Kiwango hicho ni cha nani kama si cha jamii?

#3 BintiMizani

#2 umeeleza vizuri, ila usiache nyuma kasoro mbili zinazojulikana. Takwimu nyingi za Durkheim zilikuwa za mikoa, si za watu. Mkoa wenye Waprotestanti wengi kuwa na vifo vingi hakuthibitishi kwamba waliokufa ndio Waprotestanti. Pili, palipo na aibu kubwa ya kidini, kifo cha namna hiyo huandikwa kuwa ajali. Basi tofauti nyingine inaweza kuwa ni ya uandishi.

#4 Kipepeo_Mweusi

Jibu la mleta mada lipo kwa Solomon Asch, miaka ya 1950. Kadi mbili. Ya kwanza ina mstari mmoja, ya pili ina mistari mitatu. Kazi ni kusema upi kati ya mitatu unalingana na ule mmoja, kwa sauti, kwa zamu. Mtu akifanya peke yake anakosea chini ya mara 1 katika 100, maana tofauti iko wazi. Sasa mweke kwenye kundi la watu saba hadi tisa ambao wote isipokuwa yeye wamepangwa, na zamu yake iwe karibu na mwisho. Raundi 18, na katika 12 kati yake waliopangwa wanataja kwa pamoja mstari usio sahihi.

Asilimia 37 hivi walifuata kundi. Yaani zaidi ya theluthi ya watu wanakana macho yao.

#5 BintiMizani

Hapana, hiyo asilimia ni ya majibu, si ya watu. Kosa hili linarudiwa kila mahali, na linabadilisha maana nzima. Ukihesabu watu, kama robo tatu walifuata kundi angalau mara moja, na robo nzima hawakufuata hata mara moja katika raundi zote 12. Kwa hiyo ukitaka kusema "jamii ina nguvu" utashika robo tatu, na ukitaka kusema "mtu ana nguvu" utashika kwamba karibu theluthi mbili ya majibu yalikuwa sahihi. Jaribio ni lile lile.

Lililo muhimu zaidi kwa swali la #1: Asch aliruhusu baadhi ya washiriki waandike majibu yao bila kuyatamka. Kufuata kundi kukashuka sana. Alipowahoji wale waliofuata, wachache mno walisema waliuona mstari vile. Wengi walidhani macho yao ndiyo yana hitilafu, na wengine walijua wazi kundi limekosea ila hawakutaka kuonekana wa ajabu. Hapo ni jicho kufumbwa, chongo hakuna.

#6 Jongoo_Haraka

Ila watu wanaofumbisha wengine macho si lazima wawe umati. Mpinzani mmoja peke yake hana athari ya kutajika, makosa yanabaki kama asilimia 3.6. Wawili, 13.6. Watatu, 31.8. Baada ya hapo kuongeza watu hakusaidii sana. Anayejaza ukumbi ili kumbana mtu mmoja anapoteza viti.

Na dawa yake ni rahisi kuliko mnavyodhani: mshirika mmoja tu anayejibu sahihi anaangusha kufuata mkumbo mpaka sehemu ndogo ya ilivyokuwa. Hata mshirika anayekosea, mradi akosee tofauti na kundi, anasaidia. Kinachombana mtu ni ukamilifu wa ukuta, idadi ya matofali inakuja baadaye. Mshirika huyo akigeuka katikati na kujiunga na kundi, makosa yanapanda tena.

#7 Mwendo_wa_Kinyonga

Hao walikuwa vijana wa vyuo vya Marekani miaka 70 iliyopita. Mnajenga nyumba ya watu wote kwa matofali ya mtaa mmoja.

#8 BintiMizani

#7 hoja halali, na imeshafanyiwa kazi. Mwaka 1996 Rod Bond na Peter Smith walikusanya tafiti 133 za mistari ya Asch kutoka nchi 17. Ndani ya Marekani kufuata kundi kumepungua tangu miaka ya 1950. Na katika jamii zinazoweka kundi mbele ya mtu kumekuwa juu zaidi. Kwa hiyo nguvu yenyewe ya kundi ni jambo la kijamii, haikai kiwango kimoja. Msumari atafurahi.

#9 Msumari_wa_Moto

Nimefurahi 😀

#10 Fundi_Saa

Asch alitumia kitu kilicho wazi, ndiyo maana watu walirudi kwenye macho yao. Ukitaka kuona mtu akiwa chongo kweli, tumia kitu kisicho wazi. Muzafer Sherif alifanya hivyo mwaka 1935. Chumba chenye giza totoro, nukta moja ya mwanga. Nukta haisogei, ila jicho likikosa cha kulinganisha nalo linaiona inasogea. Unamwuliza mtu: imesogea umbali gani?

Akiwa peke yake, baada ya kukadiria mara nyingi, anajijengea wastani wake, na kila mtu ana wake. Waweke watatu pamoja, makadirio yanavutana hadi yanakutana. Hakuna aliyewaamuru, hakuna adhabu. Kisha sehemu ambayo watu huisahau: warudishe mmoja mmoja peke yao. Wanabaki na kadirio la kundi. Kundi halipo, kaida ipo.

Mwaka 1961 Robert Jacobs na Donald Campbell wakasogeza mbele. Wakaanza na watu waliopangwa kutoa kadirio la ajabu, kisha wakawa wanawatoa mmoja mmoja na kuingiza mgeni, mpaka hakubaki hata mmoja wa mwanzo. Kadirio la uongo liliendelea kurithishwa kwa vizazi vinne au vitano hivi, likififia, ndipo likaisha.

Kwa hiyo mleta mada, kanuni ya kwanza: kabla ya kuuliza "amebadilika au anaigiza", uliza jambo lenyewe lina ushahidi ulio wazi kiasi gani mbele ya macho yake. Palipo na ushahidi, kundi linapata mdomo. Palipo na giza, kundi linapata jicho.

#11 Dira_ya_Usiku

#10 hii nimeielewa, asante. Lakini mzigo wa tatu bado. Majaribio yote hayo mtafiti ndiye aliyepanga nani akae na nani. Maishani watu wanajichagulia.

#12 Mwana_wa_Mto

Hapo ndipo wataalamu wenyewe walipogombana. Mwaka 2007 Nicholas Christakis na James Fowler walichapa uchambuzi wa mtandao wa watu 12,067 waliofuatiliwa tangu 1971 hadi 2003. Wakasema rafiki yako akinenepa kupita kiasi, uwezekano wa wewe kunenepa unaongezeka kwa asilimia 57. Unene unaenea kwa urafiki. Habari ikasambaa kila kona.

Mwaka uliofuata Ethan Cohen-Cole na Jason Fletcher wakachukua njia za hesabu za namna ile ile wakazielekeza kwenye mambo ambayo hayawezi kuambukizwa na rafiki: chunusi, kuumwa kichwa, na urefu wa mwili. Hesabu ikasema navyo vinaenea kwa urafiki. Urefu! Walipoweka mazingira ya pamoja kwenye hesabu, athari ikayeyuka.

Mnapomwona mtu anafanana na wenzake, kuna njia tatu za kufika hapo: wameambukizana, wamechaguana, au wote wananyeshewa na mvua ile ile. Ile ya tatu haikuwemo kwenye #1.

#13 BintiMizani

Na kuna fundo jingine chini yake. Charles Manski alilieleza mwaka 1993 kwa mfano wa kioo. Ukimwona mtu na sura yake kwenye kioo wakisogea pamoja, na hujui vioo vinafanyaje kazi, utasema nani anamwongoza nani? Wastani wa kundi umetengenezwa na watu hao hao unaotaka kuwaeleza. Ukiongeza takwimu za namna ile ile, hata milioni, fundo halifunguki.

Linafunguka kwa kukata uchaguzi. Hatua ni hizi: tafuta mahali watu wanapopangwa pamoja kwa bahati nasibu, pima tabia yao KABLA hawajakutana, wape muda, pima tena, kisha linganisha badiliko la mtu na hali ya awali ya mwenzake. Usitumie hali ya sasa ya mwenzake, maana hapo unarudi kwenye kioo. Bruce Sacerdote alichapa utafiti wa aina hiyo mwaka 2001, akitumia wanafunzi wapya wa chuo cha Dartmouth waliogawiwa wenzao wa chumbani kwa nasibu. Alama za masomo ziliathiriwa, si sana. Kujiunga na vyama vya kijamii vya wanafunzi kuliathiriwa. Kuchagua fani ya kusomea, hapana.

Makosa yanayoharibu kazi hii: watu kuruhusiwa kubadilishana nafasi baada ya kupangwa, na mtafiti kuwaondoa kwenye hesabu waliohama. Waliohama ndio waliochagua, ukiwaondoa umerudisha uchaguzi kwa mlango wa nyuma.

#14 Jongoo_Haraka

Kumbe jibu la "jamii humfinyanga mtu?" ni "katika lipi?". Mtu yule yule, chumba kile kile, chama ndiyo, fani hapana.

#15 Kipepeo_Mweusi

Msisahau dhima. Mtu akipewa nafasi, nafasi inamvaa. Jaribio la gereza la Stanford, 1971: vijana wa kawaida, nusu askari nusu wafungwa. Lilipangwa wiki mbili, likasimamishwa baada ya siku sita kwa jinsi askari walivyogeuka wakatili.

#16 Fundi_Saa

Hilo naomba tulitoe mezani, mkuu. Kumbukumbu na kanda za jaribio lenyewe zimekwisha kuchambuliwa: askari walielekezwa mapema hali gani inatakiwa ndani ya gereza, na kuna aliyesukumwa waziwazi awe mkali zaidi. Ukishamwelekeza mtu, huwezi kusema dhima peke yake imemgeuza. Na hata hapo si askari wote waliokuwa wakatili. Alex Haslam na Stephen Reicher walipofanya jaribio la kufanana nalo kwa ajili ya BBC, bila maelekezo hayo, askari walishindwa hata kushikamana na nafasi yao, na wafungwa ndio waliojiunga wakawazidi.

Ukitaka nguvu ya nafasi, bora Stanley Milgram, kwa sababu alibadilisha kipande kimoja kimoja. Mshiriki anaamriwa ampige mtu mshtuko wa umeme kila anapokosea jibu, na auongeze kila mara. Kifaa chenye swichi 30, kutoka volti 15 hadi 450, mshtuko wenyewe ni wa kuigiza ila mshiriki hajui. Kwenye taarifa ya 1963, watu 26 kati ya 40 walifika mwisho. Mtoa amri akitoka chumbani na kuamuru kwa simu, wanashuka kwenye asilimia 20.5. Akikaa mshiriki halisi na wenzake wawili waliopangwa, nao wakagoma mmoja baada ya mwingine, wanaofika mwisho ni 4 kati ya 40. Kama ukatili ungekuwa ndani ya mtu, simu isingebadilisha kitu.

#17 Mwendo_wa_Kinyonga

Na kama ungekuwa ndani ya nafasi tu, wale 14 waliokataa mara ya kwanza walitoka wapi? Dennis Wrong alilalamika mwaka 1961 kwamba wanasosholojia wamemchora mtu aliyejamiishwa kupita kiasi, asiye na lolote ila hamu ya kukubalika. Mtu anaweza kuijua kaida, kuikubali, na bado kugombana nayo moyoni. Ujamiishaji humfanya mtu awe wa jamii, haumalizi ugomvi huo.

#18 Mwana_wa_Mto

Naongeza njia nyingine ambayo haimgusi mtu ndani kabisa. Mark Granovetter, 1978. Watu 100 uwanjani. Kila mmoja ana kizingiti: idadi ya wengine anaohitaji kuwaona wakifanya fujo kabla naye hajaingia. Wa kwanza kizingiti chake ni 0, wa pili 1, wa tatu 2, hadi wa mwisho 99. Wa 0 anavunja dirisha, wa 1 anamwona anaingia, wa 2 anawaona wawili... wote 100 wanafanya fujo.

Sasa mbadilishe mtu mmoja tu: yule mwenye kizingiti 1 apewe 2. Wa 0 anavunja dirisha, anageuka, yuko peke yake. Basi. Kesho yake wapita njia watasema kundi la kwanza ni la wahuni na la pili ni la wastaarabu wenye kichaa mmoja, ilhali watu 99 ni wale wale kwa kila kitu.

Hapa hakuna aliyefumba jicho, aliyepofuka wala aliyechagua wenzake. Mpangilio tu.

#19 Msumari_wa_Moto

Na huo mpangilio ndio Durkheim aliouita wa nje ya mtu. Tunazunguka tunarudi #2.

#20 Mwana_wa_Mto

Siyo. Kwa Granovetter kila kitu kinatokana na vizingiti vya watu. Durkheim angekataa kabisa kuanzia hapo. Matokeo kutotabirika kwa kumtazama mtu mmoja si sawa na kuwa na nguvu iliyo nje ya watu wote.

#21 Bi_Tarishi

Samahani kuingilia, mimi nashika upande wa vitendo. Kikundi kina tabia kinayotaka kuiacha, tuseme kuchelewa mikutanoni. Haya yote yananisaidiaje?

#22 BintiMizani

Karibu, Bi Tarishi. Usianze na tangazo. Anza na maswali, ukifuata mwongozo wa Cristina Bicchieri, kila mtu ajibu faraghani:

Wewe mwenyewe ungependa mkutano uanze saa ngapi? Unadhani wangapi kati ya kumi hufika kwa wakati? Unadhani wangapi kati ya kumi wanaamini ni vibaya kuchelewa? Ukijua wote wanafika kwa wakati, ungefanyaje?

Jibu la mwisho ndilo ufunguo. Wakisema wangechelewa hata hivyo, hiyo si kaida, ni desturi yenye sababu nyingine: usafiri, zamu za kazi, watoto. Shughulikia sababu, semina za maadili hazitasaidia. Wakisema wangefika mapema wengine wakifika, basi wanasubiriana, na kazi yako ni kuwafanya waone, wote kwa siku moja, kwamba wengine wako tayari. Ukimshawishi mmoja mmoja kwa siri, anafika mapema anakuta viti vitupu, na umempa ushahidi kwamba kuchelewa ni sahihi.

#23 Jongoo_Haraka

Na kosa kubwa kuliko yote ni kubandika "WENGI WENU MNACHELEWA, ACHENI!" Umekemea kwa neno moja na kutangaza kaida kwa maneno matatu. Robert Cialdini na wenzake walipima hili kwenye hifadhi ya msitu uliogeuka mawe, Arizona, ambako wageni huiba vipande. Waliweka vipande vyenye alama njiani, na mabango tofauti. Bango lililosema wageni wengi wameshachukua vipande na kuuharibu msitu: asilimia 7.92 ya vipande viliibwa. Bango lililoomba tu msichukue: 1.67.

#24 Kipepeo_Mweusi

Bi Tarishi akiuliza faraghani atakutana na jambo jingine, wale wanaodhani wako peke yao. Bibb Latané na John Darley, 1968: moshi unaingizwa chumbani taratibu kupitia tundu ukutani. Aliye peke yake, asilimia 75 waliripoti. Aliyekaa na wawili waliopangwa kutojali, 1 kati ya 10. Kila mmoja anasoma utulivu wa mwenzake kama ushahidi kwamba hakuna hatari, na mwenzake anafanya vivyo hivyo. Ndiyo maana penye watu wengi mtu hasaidiwi.

#25 Fundi_Saa

Mwanzo sahihi, hitimisho hapana. Mwaka 2019 Richard Philpot na wenzake walichambua kanda za kamera za mitaani za ugomvi 219 kutoka Amsterdam, Lancaster na Cape Town. Katika ugomvi 9 kati ya 10 kulikuwa na angalau mpita njia mmoja aliyeingilia, na watu walivyozidi, nafasi ya kupata wa kusaidia ilizidi. Uwezekano wa *kila mtu* kusaidia unaweza kushuka huku uwezekano wa *mtu yeyote* kusaidia ukipanda. Na tena, rudini #10: moshi ni jambo la giza, ngumi ni jambo la wazi.

#26 Dira_ya_Usiku

Swali la mwisho kutoka kwangu. Je, kuna aliyeonyesha mtu akianza kwa kufumba jicho na kuishia kuwa chongo? Kuigiza kukageuka imani?

#27 Mwana_wa_Mto

Karibu zaidi na hilo ni Deborah Prentice na Dale Miller, 1993, chuo cha Princeton. Wanafunzi waliulizwa kuhusu ulevi chuoni: wewe unajisikiaje, na mwanafunzi wa kawaida anajisikiaje? Kwa wastani, walijiona kuwa na wasiwasi kuliko mwanafunzi wa kawaida. Haiwezekani kihesabu. Kaida ilikuwa inasimama juu ya watu wasioitaka.

Wakafuatiliwa kwa muhula. Wanaume wakasogeza msimamo wao kuelekea kile walichodhani ni cha wengi. Wanawake hawakusogea. Waandishi walipendekeza kwamba kunywa kulibeba uzito zaidi kwenye sifa ya uanaume, ila hilo halikupimwa moja kwa moja.

#28 Mwendo_wa_Kinyonga

Sikubali kwamba ni kuigiza kuliwageuza. Huenda walikunywa tu wakazoea. Pierre Bourdieu angesema mwili ndio uliojifunza, imani ikaja nyuma. Hapo kundi limetoa chupa, mazoea yakafanya kazi iliyobaki.

#29 Jongoo_Haraka

Wakuu, #27 imenivuruga. Tangu #1 tunajadili mgeni aliyefumba jicho kijijini kwa wenye chongo. Vipi kama wenyeji nao wana macho mawili, na kila mmoja anafumba moja kwa sababu ya wengine?

#30 BintiMizani

Ndiyo maana yale maswali ya #22 yanajibiwa kwa karatasi, na karatasi zinachanganywa kabla ya kuhesabiwa. Kwanza isome hesabu ya "wewe ungependa nini", halafu ile ya "unadhani wangapi wanapenda", mbele ya wote, mfululizo, bila maelezo katikati. Pengo likiwa dogo, kaida ina wenyewe, na utabaki na kazi ya kushawishi. Likiwa kubwa, nyamaza kidogo uwaache watazamane.